Winchi Apanda Jukwaani

Watakwambia alianza mambo yale kwa sababu mume alimwacha. Uongo mtupu. Mume aliondoka miaka tisa kabla, na asubuhi yake Winchi alikuja kazini kama kawaida, akauliza kama maji ya moto yapo. Mimi nilikuwepo. Nashona mashuka yaliyochanika na magauni ya wagonjwa kwenye chumba kinachopakana na chumba cha kufulia cha hospitali, na mlango wa katikati haujawahi kufungika vizuri. Kwa hiyo ninayosimulia sikuambiwa na mtu.

Jina la Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini, alilipata mwaka ule mashine ya kukamulia ilipoharibika. Fundi alikuja, akaitazama, akasema kuna kifaa kinaagizwa. Kiliagizwa miezi minane. Muda wote huo shuka likitoka majini lilikamuliwa kwa mikono na kubebwa likiwa zito hivyo hivyo mpaka kwenye kamba za nje. Wenzake walilalamika, wengine wakaomba kuhamishwa. Yeye akajikaza kisabuni. Alikuwa anabeba mashuka sita kwa mkupuo, begani, anapanda nayo ngazi kumi na moja. Hata mashuka ya kaka yake mkubwa, aliyevunjika mguu akalazwa wiki saba wodi namba nne, yalipita kwenye mikono ile. Kaka aliusifu sana usafi wa hospitali. Hakuuliza nani anafua.

Kifaa kilipofika, Winchi alikuwa ameota mgongo. Sisi wote tuna migongo, najua, lakini wa kwake ulikuwa jambo jingine. Akiinua mikono kuanika, gauni la kazi linajaa huku juu mpaka mishono inaachia. Nilimshonea mara tatu, ya nne nikamfokea. Bibi wa mazoezi ya viungo, yule anayewafundisha wagonjwa kutembea upya, ndiye aliyemwambia kwamba kuna mashindano ya wanawake wenye mabega na migongo ya namna hiyo. Wanapanda jukwaani, wanatazamwa, wanapewa alama. Alisema kwa utani. Winchi hakucheka.

"Shoga," aliniambia, "miaka ishirini watu wananiona nimeinama. Nataka wanione mara moja nimesimama."

Alikuwa na miaka arobaini na mbili.

Kwanza alikwenda kwenye ukumbi wa mazoezi kutafuta kocha. Kocha akamzunguka, akamtazama juu mpaka chini, akauliza, "Nyumbani wanajua? Sitaki ugomvi na waume za watu." Winchi akachukua mkoba wake akatoka. Tangu siku ile kocha wake akawa simu, ameiegemeza kwenye kopo la sabuni juu ya rafu, inaonyesha washindani wakisimama, wakigeuka robo ya mzunguko, wakitoa mgongo, wakigeuka tena. Mimi, ninayehema nikipanda ngazi tatu, nikawa jaji. Saa ya chakula anakula mayai ya kuchemsha na kuku asiye na chumvi, kisha anavaa viatu virefu anatembea kwenye chumba cha kupigia pasi. Siku ya kwanza alitembea kama mtu anayevuka matope. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akanikata jicho, akarudia kutoka mwanzo.

Vazi nilishona mimi. Mpaka hapo kitu kidogo kuliko vyote kilichowahi kupita kwenye cherehani yangu kilikuwa foronya ya mtoto mchanga. Alipoweka picha ya vazi mezani, nikamuuliza, "Na iliyobaki iko wapi?"

"Hakuna iliyobaki. Hiyo ndiyo nguo yenyewe."

Basi, nikashona.

Habari zikamfikia kaka. Si mtu mbaya, nisimsingizie, ila anapenda kuamulia watu. Aliitisha kikao Jumapili mchana nyumbani kwake, anakoishi pia mama yao. Winchi akanivuta twende wote, eti nimshikie mkoba.

"Utasimama na chupi mbele za watu," kaka alisema. "Mimi uso wangu nitauweka wapi?"

"Uache hapo hapo ulipo, kaka. Sijauomba."

"Unanijibu?"

"Umeniuliza."

Kaka akavimba. "Basi sikia. Ukipanda jukwaa lile, usikanyage tena kwangu."

Kutokanyaga pale maana yake kutomwona mama, na kila Jumapili Winchi ndiye aliyekuwa anakuja kumsuka nywele na kumkanda magoti. Niliuona mkono wake umeubana ukingo wa kiti.

Mama, aliyeketi pembeni, akanigeukia mimi. "Fundi, hilo vazi unalo?"

Nilikuwa nalo mkobani, Mungu anisamehe. Nikampa. Akalivuta huku na huku, akaligeuza ndani nje, akaupitisha ukucha kwenye mshono. "Hapa pataachia," akasema. "Ongeza uzi." Kisha akamtazama mwanawe wa kiume. "Nyie wote nimewaogesha mimi. Sioni kipya hapa."

Kaka akatoka uani kupiga simu ambayo hakuipiga. Lakini neno lake hakulifuta.

Njiani Winchi alilia. Sitamficha, alilia kwa hasira, kamasi na machozi pamoja. "Niache?" akaniuliza.

"Mama amesema niongeze uzi," nikamjibu. "Unataka nikamwambie nini?"

Akafuta uso kwa kiganja, tukaenda zetu.

Mashindano yalikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki na taa za kuchoma macho. Nilimpaka rangi ya kung'arisha mwili kwa sponji ya kuoshea vyombo, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Wakapanda wanawake sita, yeye wa tatu kwenye mstari. Msemaji akasema, "Geukeni robo." Hakusema kulia wala kushoto, kila anayefundishwa na kocha anajua ni kulia.

Na hapo ndipo upumbavu wetu ulipoanikwa. Miezi saba Winchi alikuwa anawafuatisha wanawake wa kwenye simu waliosimama wakimtazama. Wao wakigeukia kulia kwao, yeye anawaona wanakwenda kushoto kwake, naye anakwenda kushoto. Watu wazima wawili, akili zetu timamu, hakuna aliyeshtuka. Watano wakageuka huku, Winchi akageuka kule, wakabaki pua kwa pua na mshindani wa pembeni yake.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nyuma yangu bwana mmoja akapiga mluzi. Mimi nikatamani ardhi ipasuke. Winchi hakupepesa macho. Baadaye aliniambia alijua palepale kwamba amekosea, ila kujirekebisha mbele ya watu wanaocheka ingekuwa kuinama tena. Akainua kidevu, akamtazama yule mwenzake machoni mpaka mwenzake akaangalia chini.

"Robo tena," akasema msemaji. Sasa upande wowote utakaogeukia unafika palepale, kila mtu akawa amewapa watazamaji mgongo. Winchi akautandaza wake. Kicheko kikakatika, na yule bwana wa mluzi nikamsikia akimuuliza jirani yake, "Huyo ametokea wapi?" Msemaji akataka robo ya tatu. Winchi akaenda kushoto tena, safari hii kwa makusudi.

Alikuwa wa tano kati ya sita. Jaji alimwambia mgongo wake ulikuwa bora kuliko yote, lakini kugeuka kwake kumempunguzia alama. Akashukuru, akashuka.

Nilipokwenda kumpokea nilimwona mama ameketi kiti cha nyuma kabisa, begi la nguo mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uzi umeshika," akasema.

Winchi akaja mbio, viatu mkononi. "Mama, na hilo begi?"

"Amesema wewe usikanyage kwake. Mimi hajanikataza kukanyaga kwako."

Mama akahamia kwa Winchi, vyumba viwili na jiko. Kitu cha kwanza alichokifanya ni kutundika ukutani picha ya siku ile, migongo sita imepangwa mstari mmoja, juu kabisa ya kiti cha wageni. Kisha akakisogeza kiti upande wa pili, ili mgeni aketi akiitazama.

Wiki tatu kaka alivumilia. Ya nne akaja kumwona mama. Nilikuwepo, nimepeleka mto niliomshonea mama wa kuegemeza magoti. Akaamkia, akaketi, akaiona picha. Akainuka kuisogelea. Migongo haina majina.

"Huyu wa tatu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayestaajabu kweli. "Mgongo kama huu mtu anautoa wapi?"

Winchi akatoka jikoni na sinia la chai. "Wodi namba nne, kaka," akasema. "Kwenye mashuka yako."

Kaka akarudi kukaa. Akaushika ule mguu uliowahi kuvunjika, akaukanda taratibu, na chai yake ikapoa mbele yake bila kuguswa.