Mufuko Wangu na Kuku za Mama Zaina

Nawaelezea hii nikiwa bado na haya. Hapa Kasongo tunafanya mazoezi kila asubuhi, vijana na wazee, kwenye parseli ya Mama Zaina, uwanja wa nyumba yake; yeye ndiye mwalimu wetu. Vyuma ni vichache, basi kila mutu anabeba mufuko wa mchanga begani, anazunguka parseli mara kumi. Mwenye kushindwa anaketi kwenye benchi kuhesabia wengine. Mimi kuketi sikutaka; hata masomo niliketi miaka miwili tu, nikatoroka.

Nikajaza mufuko wangu pumba za mpunga, na mchanga kidogo juu. Siku tatu nilitangulia vijana wote.

"Papa Saidi, unakula nini?" vijana wakaniuliza mimi muzee.

"Sombe, majani ya muhogo tu," nikajibu, kifua mbele.

Siku ya ine nikasikia wanacheka nyuma yangu. Nikafikiri iko furaha, nikaongeza mbio.

"Papa, simama, angalia nyuma," Mama Zaina akasema.

Mufuko ulikuwa umetoboka. Kuku zake zote, jogoo mbele, walikuwa wananifuata wakidonoa pumba.

"Keti kwenye benchi, Papa," akasema. "Wanafunzi wako wapya wanangoja kuhesabiwa."