Jiwe la Mama Onkeo

Khamphan alimwekea mama yake jiwe lenye upuuzi, akajua kuwa ni upuuzi, na akamwambia mdogo wake kuwa ni Kifaransa. Hilo ndilo alilotendewa Thongsy, muuza tambi wa karibu na soko la Thakhek, Laos. Mengine aliyotendewa na kaka yake alishayameza.

Thongsy ni kitindamimba. Kwao binti wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, basi alibaki. Khamphan, kifunguamimba, alipelekwa shule, akapata meza kwenye ofisi ya mkoa na suruali zilizopigwa pasi. Thongsy alipata chungu cha mchuzi wa samaki. Alimwogesha mama, akamlisha wali wa kunata kwa vidole, na miguu ilipokataa akambeba mgongoni kwenda hekaluni. Mama alipofariki, mwili ulichomwa na mifupa ikawekwa kwenye kimnara kando ya ukuta wa hekalu, kama ya wenzake. Likabaki jiwe la jina. Thongsy alitaka aende mwenyewe kwa mchonga mawe, alitaje jina kwa mdomo. Khamphan akasema amwachie, mambo ya maandishi yana wenyewe.

Aliliandika jina kwenye kompyuta ya ofisini, akampelekea mchongaji. Siku ya kuzindua, watawa walisoma dua, kitambaa kikaondolewa. Khamphan alilitazama jiwe kwa muda unaozidi kidogo ule wa adabu. Kisha akawageukia wageni, akasema ameamua kumpa mama heshima ya Kifaransa. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Onkeo aliuza mboga maisha yake yote, na Mfaransa pekee aliyewahi kuongea naye alikuwa anatafuta choo.

Thongsy hakusoma. Aliona herufi za dhahabu, aliona mistari imenyooka, akaridhika. Hata majirani aliwaringia kidogo. Kila sikukuu ya kulisha marehemu alifungasha wali na samaki kwenye majani ya mgomba, akaviweka chini ya jiwe lile, maana siku hiyo wafu huja na kila mmoja hutafuta palipo pake.

Mwaka jana alikwenda na Malivanh, binti wa binamu yao, aliyekulia Lyon, Ufaransa. Malivanh aliinama kusoma, akakaa ameinama.

“Shangazi, nani kakwambia hiki ni Kifaransa?”

“Baba yako mkubwa Khamphan.”

“Hapa pana namba nane katikati ya jina. Na huku mwisho pana alama ya kuuliza.”

“Bibi yako anaulizwa nini?”

Malivanh akasema hiyo si lugha yoyote anayoifahamu. Thongsy alivitazama vifurushi vyake pale chini, akafikiria sikukuu zote alizoviweka mahali ambapo mama hakuandikwa. Akaviacha. Akaenda moja kwa moja kwa Sisouk, mchonga mawe.

Sisouk hakuficha. Alieleza kuwa zamani kompyuta hazikuzijua herufi za Kilao, basi watu wakafanya ujanja: ndani ya mashine zikakaa herufi za Kizungu, juu yake zikavishwa sura za Kilao. Ukiipeleka kazi kwenye kompyuta isiyo na vazi hilo, zinabaki uchi, herufi za Kizungu tupu zisizo na maana. Siku hizi kila herufi yao ina namba yake, inayojulikana na kompyuta zote duniani, lakini ofisi ya Khamphan ilikuwa bado na mavazi ya zamani, na kompyuta ya Sisouk haikuwa nayo.

“Na wewe ukachonga tu?”

“Dada, nusu ya mawe yangu yanaagizwa na ndugu walioko Ufaransa. Nikaona herufi za Kizungu, nikasema hawa nao ni watu wakubwa.” Akafuta vumbi mezani. “Kaka yako alikuja siku ya pili baada ya uzinduzi. Aliniletea chupa ya pombe ya mchele ninyamaze. Nimeinywa, siwezi kukudanganya.”

Alikuwa tayari kuchonga jingine, tena hata leo. Lakini mtawa mkuu alimweleza Thongsy kwa upole kuwa jiwe haliondolewi bila kauli ya mtoto mkubwa aliyeliweka.

Thongsy alimkuta Khamphan anakula. Khamphan alisema lilikuwa kosa la mashine.

“Mashine haikusema ni Kifaransa,” alisema Thongsy.

“Sasa unataka nisimame mbele ya watu niseme nini? Mkuu wangu wa kazi alikuwepo pale. Alinipa mkono.”

“Sema mama anaitwa Onkeo.”

“Mama mwenyewe hakujua kusoma, Thongsy. Wewe hujui. Jiwe linawauma wapi?”

“Hakujua kusoma. Lakini akiitwa alikuwa anaitika.”

Mke wa Khamphan aliinuka kwenda kutazama kitu jikoni ambacho hakikuwa motoni. Khamphan akasema watalizungumza mvua zikiisha. Mvua ziliisha. Akasema baada ya mavuno. Mpunga ulivunwa, ukapepetwa, na mwingine umeshaliwa.

Thongsy hataki kuombwa radhi wala kuletewa matunda. Kinachodaiwa ni kauli moja kwa mtawa mkuu, ili jina la Onkeo likae juu ya mifupa ya Onkeo, kwa herufi za Kilao. Anayedaiwa ni Khamphan, mtoto wake wa kwanza, nyumba ya pili baada ya ofisi ya mkoa. Jioni huwa yupo.