Waliompita Dada Yake

Dada yake alifia kwenye kiti. Alikuwa katibu muhtasi, kama mdogo wake, ila katika ofisi nyingine, na asubuhi ile wenzake walimsalimu wakipita, mmoja baada ya mwingine, wakidhani ameinamia kazi. Hadi saa ya chakula ndipo mmoja wao alipomgusa bega. Daktari akasema ni presha, imepasua mshipa kichwani.

Kitindamimba, maana ndivyo walivyozoea kumwita nyumbani, hakulia sana msibani. Jambo moja ndilo lililomkaa kooni: walimpita. Tangu hapo, akiwa mbele ya kompyuta yake, alisikia nyayo nyuma ya kiti. Akigeuka, hakuna mtu.

Wala hakubadili kitu. Bosi wake alikuwa mtu wa "naitaka sasa hivi," basi alikaa kitako tangu ofisi inafunguliwa hadi inafungwa, akila palepale mezani, chumvi akiinyunyiza kabla hajaonja, na usingizi wenyewe wa kuibia. Mama yao naye alikuwa na presha. "Ya kurithi hayakwepeki," Kitindamimba alipenda kusema, akicheka cheko la kujilazimisha.

Siku wauguzi walipokuja kupima wafanyakazi, alikuwa wa mwisho kukunja mkono wa blauzi. Muuguzi akatazama kipimo, kisha akamtazama yeye.

"Mama, unajua presha yako iko juu sana?"

"Mbona siumwi chochote?"

"Presha haipigi hodi. Ukingoja kuumwa, utakuwa umechelewa."

Akapewa vidonge. Akavimeza mpaka alipojiona mzima, akaviacha kwenye droo. Mumewe alipouliza, alimjibu, "Nimeshapona, baba watoto." Lakini kila alipojitazama kwenye kioo cha msalani pale ofisini, aliona uso wa marehemu: mashavu yale yale, uchovu ule ule chini ya macho. Umri aliofia dada ndio aliokuwa nao sasa.

Asubuhi moja, akichapa barua, vidole vya kushoto vikagoma. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu alfajiri. Mhasibu akapita nyuma yake na kikombe cha chai.

"Habari za kazi, mama?"

Alitaka kujibu. Ulimi ukalala mdomoni kama tambara lililoloa. Mhasibu akaenda zake, na nyayo zikafifia kwenye korido. Hapo ndipo Kitindamimba alipojua: dada yake alisikia. Alimsikia kila mmoja aliyempita.

Kwa mkono uliobaki akaisukuma chupa ya chai. Ikaanguka, ikapasuka. Mhasibu akarudi mbio.

Aliponea chupuchupu. Maneno yalimrudia polepole, kama kuku wanavyorudi bandani jioni, mkono wa kushoto ukabaki mzito. Kikopo cha chumvi mumewe alikiondoa mezani kwa mkono wake mwenyewe, ingawa mume huyohuyo ndiye aliyelalamika. "Mboga hizi hata mbuzi angeuliza mpishi ni nani," alisema, akila. Kila asubuhi alitembea naye hadi kituo cha basi na kurudi. Vidonge sasa Kitindamimba havikosi.

Lile alilolijua asubuhi ile hajamwambia mtu. Ndugu wakisema marehemu alikwenda kama aliyesinzia, bila kuteseka, yeye huinama akaokota kitu ambacho hakikuanguka.

Juzi binti yake mkubwa alipata kazi benki, kazi ya kukaa kutwa. Kitindamimba akamshika mkono, wakaenda zahanati.

"Mama, mimi bado kijana."

"Na mimi nilikuwa."

Muuguzi akaufunga mkanda, akaujaza upepo, akatazama namba. Akaufungua, akaufunga kwenye mkono wa pili.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" binti akauliza, huku akitabasamu.

"Tulia, mwanangu," mama yake akasema. "Mwache apime."