Kusikiliza Vali ya Mama Watoto

Siku hospitali ilipompigia mke wangu simu kumwomba aende wakasikilize moyo wake, bure, na nauli watamrudishia, nilisema hapo kuna jambo. Alikuwa ameishi mwaka mzima na vali ya kiwandani moyoni, kile kilango cha kupitishia damu, badala ya yake iliyoharibika, na hakuna siku hata moja waliyowahi kujali nauli yetu.

"Wanatafuta viputo," akasema. "Eti vali ikijifunga kwa nguvu, vinaweza kutokea kwa damu."

Niliacha kula. Mimi hutengeneza pampu za maji Kariobangi, na viputo navijua kuliko hao madaktari. Pampu ikivuta maji kwa shida, viputo hutokea ndani yake, na vikipasuka hutafuna chuma. Inanguruma kama imemeza kokoto. Ukiifungua unakuta impela, kile kigurudumu kinachosukuma maji, imetobokatoboka kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Nikajiambia, hawa wamemwekea kitu kibovu, sasa wanataka kujua kabla yetu. Nikamkataza kwenda.

Badala yake nikawa namsikiliza mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Fundi huweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini sikioni. Kwa mke wangu nilitumia mwiko. Upande mmoja kifuani pake, mwingine sikioni kwangu: ka, ka, ka. Hakuna kokoto.

"Iko safi," namwambia, naye anafunga vifungo vya blauzi na kuendelea na shughuli zake, roho imetulia.

Hospitali walipopiga mara ya tatu, alisema anaenda, nipende nisipende. Nikaandamana naye, nimebeba impela moja mbovu niliyoifunga kwa gazeti.

Huko hospitali, binti anayeendesha mashine alimbandika kinasa sauti kidogo kifuani, mistari ikaanza kuchezacheza kwenye skrini. Sikuiamini hiyo mistari. Nikafungua gazeti langu mezani.

"Niambie ukweli, binti yangu. Yake imefika hapa?"

Aliichukua impela, akapitisha kidole kwenye vile vishimo. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Hii ndiyo tunaogopa, mzee. Kama yake inatoa viputo bado hatujui. Ndiyo maana tunapima, na tutapima tena."

"Mimi nimeisikiliza kila siku. Haina kelele."

"Hiyo huwezi kuiskia. Sauti ya viputo ni nyembamba kupita kiasi, hakuna mtu anaiskia bila mashine. Labda popo."

Mke wangu aligeuka polepole, nyaya zikining'inia.

"Baba watoto, sasa kila asubuhi ulikuwa unaskia nini?"

"Vali. Nilikuwa naskia vali."

"Na ukiniambia iko safi, ulikuwa unajua aje?"

Niliona aibu mbele ya yule binti, nikaanza kufunga impela yangu upya kana kwamba gazeti ndilo lenye shida. Mke wangu aliomba aandikiwe siku ya kurudi. Akasema atakuja peke yake.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni akikoroga uji kwa ule mwiko. Sikuuomba. Nilisimama karibu nyuma yake nikaisikia vali, ka, ka, ka, safi kabisa, nami nikaogopa.