Viti vya Jirani

Mtu akiniuliza nyumba ya maskini inafananaje, huanza sentensi tatu nikaziacha zote. Si kwa sababu sijui. Nimekulia ndani yake, hapa Kadutu, juu kwenye mteremko ambako bati la mmoja liko usawa wa mlango wa mwingine. Ninachojua ni mambo madogo: kwamba chumvi huombwa kwa jirani lakini mafuta hayaombwi, kwamba watoto hufundishwa mapema kuondoka kwa watu sufuria inapofunuliwa, kwamba mama hula mwisho na kusema tumbo linamsumbua. Mambo hayo hayaonekani kwa mtu aliyeingia kwa dakika chache. Huyo huona vingine.

Nimeifuta na kuiandika upya aya hiyo mpaka nikachoka nayo. Sikumaliza shule. Kiswahili cha kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa redio na kwa vitabu vya kuazima parokiani, na mpaka leo kila sentensi naiogopa kama mtihani. Lakini ninataka kueleza juu ya siku ile serikali ilipokuja kutuangalia kama tunastahili kupewa chakula, na nikingoja niandike bila kosa sitaandika kamwe.

Ilikuwa baada ya mvua zilizoangusha nyumba nyingi za mteremko wetu. Yetu ilibaki imesimama, ukuta mmoja wa mbao umeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mama alikuwa akiuza ndizi zinazotoka Mumosho, na barabara ilipoharibika ndizi zikawa zinafika zimeshapondeka, au hazifiki. Baba alikuwa ameenda machimboni zamani na simu yake ilikuwa imeacha kuita. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado akitembea ameshika kitenge cha mama. Tulikuwa tunakula jioni tu, bugali na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Mdogo wangu alianza kusinzia mchana, jambo ambalo hakuwa nalo, na mimi nilikuwa nikimgusa paji la uso kila mara hadi akawa ananisukuma mkono.

Ndipo shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, alipopita akitangaza: serikali itatoa unga, maharage na mafuta kwa nyumba zisizojiweza. Ila kwanza watu watapita nyumba kwa nyumba.

"Batakuja kuangalia nini?" mama alimuuliza.

"Hali yenu, maman. Bataingia ndani, bataona."

Labda mwingine angesikia neno hilo na kuiacha nyumba ilivyo. Mama alisikia kwamba wanakuja wageni. Kwetu mgeni hasimami, hanywi maji matupu, na hatoki bila kutia kitu mdomoni. Mama alilelewa kijijini na bibi yake, aliyemfundisha kwamba njaa ni kama uchi, hufunikwa mtu wa nje anapopita. Watu hao walikuwa wa serikali, tena wageni wakubwa. Hakuwaza mara mbili. Na mimi sikuwaza hata mara moja. Nilikuwa nimeshaanza kuona madoa kwenye ukuta.

Mama alishuka kwa jirani wa nyumba ya chini, mjane aliyekuwa akilea wajukuu. Mali yake yote ya kuonekana ilikuwa viti vya plastiki vya buluu, vilivyonunuliwa kwa ajili ya matanga ya mumewe, pamoja na meza ndogo na thermosi. Nilienda na mama ili nibebe.

"Beba, beba yote," jirani alisema. "Lakini huyu mutoto yako asivikwangue. Namujua, ataosha mpaka rangi itoke."

"Huyu? Huyu ataosha hata mugeni," mama akamjibu.

"Na kama banafika hapa kwako?" niliuliza. "Batakaa wapi?"

"Hapa? Bajukuu bamelala chini kama samaki ya sambaza kwenye bâche ya kuanikia. Basimame tu. Miye minazeeka, sina haya tena."

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka, nikiwa na viti kichwani.

Mama alibadilisha chane ya mwisho ya ndizi nzuri kwa mchele wa Luberizi, akaongeza sambaza, dagaa wa ziwani. Mimi niliosha sakafu, nikasugua masizi ukutani, nikapanga viti kwa kufuata uzi nilioufunga kutoka mlangoni hadi dirishani, maana jicho langu lilikuwa likiona kimoja kimejitokeza. Nilitandika kitambaa cha kudarizi mezani nikakitoa, nikakitandika tena. Niliogopa wangetuona wachafu. Katika hofu zangu zote, na nina nyingi, hakukuwa na hofu ya kuonekana vizuri.

Mgeni alikuwa kijana mwenye tableti, ameletwa na shefu. Alivua kofia alipoingia, akakaa. Mama akamimina chai. Akaleta sahani ya wali na sambaza, na kijana akasema hapana, kisha harufu ikamshinda. Alikula kwa adabu huku kidole kikigusa tableti.

"Maman, kwa siku munakula mara ngapi?"

"Tunakula. Mungu anatusaidia."

"Mara mbili? Mara tatu?"

"Vile unaona, papa," mama akamjibu kwa heshima.

"Leo tunakula muchele!" mdogo wangu akapiga kelele, na watu wazima wote wakacheka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Aliuliza juu ya maji, akauliza juu ya taa, na kila swali nililiona linaelekea wapi kama unavyoliona jiwe linalobingirika kwenye mteremko. Kwenye tableti kidole chake kiligusa neno viti. Kiligusa neno thermosi. Nilitakiwa kusema neno moja tu: vya kuazima. Lakini mama alikuwa amesimama pembeni yake na thermosi mkononi, uso wake unang'aa vile ambavyo sikuwa nimeuona tangu enzi za baba, akiwa mwanamke aliyepokea mgeni na mgeni akashiba. Kusema kungekuwa kumvua nguo mbele ya mtu wa serikali. Nilingoja kijana atoke.

Mlangoni kijana alimshika mama mkono kwa mikono miwili. "Aksanti sana, maman. Munajikaza vizuri hapa."

Mama alifurahi. Mimi nilimfuata kijana kwenye ngazi za udongo.

"Tonton!" niliita, yaani mjomba.

Aligeuka. "Ee?"

Shefu naye aligeuka. Nilikuwa na sentensi nzima, safi, nimeshaipanga kwa Kifaransa.

"Angalia ngazi," nikasema. "Inateleza."

Alinishukuru. Akashuka, akainamisha kichwa kuingia kwa jirani, nami kutoka juu nikamwona anatafuta mahali pa kukaa, hapaoni, anabaki amesimama katikati ya wajukuu.

Majina yaliposomwa kwa shefu, jirani alikuwemo. Sisi hatukuwemo. Mama alisema wametusahau, kwa sauti ya mtu anayemsamehe mtoto. "Siku ya kugawa utaenda kwa meza ya malalamiko. Weye unajua Kifaransa. Baambie tu kwamba banatusahau."

Kugawa kulifanyika kwenye uwanja wa shule. Magunia yalikuwa yamepangwa upande mmoja, na upande mwingine, chini ya turubai, kulikuwa na meza na mama mmoja mtu mzima mwenye miwani. Nilisimama kwenye mstari nikirudia maneno yangu. Kila niliyemsikia mbele yangu alikuwa na kesi iliyo mbaya kuliko yetu: mmoja nyumba yake ilikuwa imeteremka na mvua, mwingine alikuja na mtoto aliyefura miguu. Nilianza kuona aibu ya kuwepo pale, kisha nikakumbuka mdogo wangu anavyosinzia mchana, nikabaki.

"Kuko problème gani, mutoto?" mama wa miwani aliuliza.

Nikasema Kifaransa changu. Aliniangalia mara moja, akajibu kwa Kiswahili huku akitelezesha kidole kwenye tableti.

"Hamukusahauliwa. Balifika kwenu. Hapa banaandika viti, meza, thermosi. Siku ile mulikula muchele na samaki."

"Ilikuwa ya mugeni," nikasema. "Tulipikia mugeni."

"Muchele, sawa. Na viti?"

Nilitazama magunia upande ule mwingine.

"Kama viti haiko yenu, niambie iko ya nani. Nitaandika, na nyumba ile tutairudia kuangalia vizuri kama jina yake inabaki. Ile tu. Hakuna mutu atafungwa."

Hakusema kwa ukali. Nafikiri kweli alitaka kunisaidia. Nyuma yangu, si mbali, jirani wetu alikuwa amekwisha kupokea gunia lake na chupa ya mafuta, na alikuwa akingoja mtu wa kumsaidia kubeba. Wajukuu walikuwa wamekaa juu ya gunia, mdogo kabisa akiingiza kidole kwenye mshono na kulamba unga. Niligeuka, na nikaona kwamba amesikia. Hakutikisa kichwa, hakuniomba kitu. Alimshika tu yule mdogo mkono na kuutoa kwenye mshono.

Nilitafuta jibu la tatu, lisilotunyima sisi wala jirani. Ndiyo tabia yangu, huwa naamini liko, kwamba nikifikiri vizuri zaidi nitalipata, na watu nyuma yangu walianza kunung'unika. "Eh, mademoiselle, unasali?" mwanaume mmoja akasema. "Sali ukiwa kwenye njia!"

"Ni yetu," nikasema. "Viti ni yetu."

"Basi," mama wa miwani akasema, na akatazama aliyenifuata.

Nilimsaidia jirani kubeba. Sikujua la kufanya jingine na mikono yangu. Tulifunga gunia kwa kamba, tukawa tunapokezana, wajukuu mbele na chupa ya mafuta. Ngazi zilikuwa zimekauka. Katikati alisimama kupumua.

"Ungesema," akasema.

"Ningesema nini, maman?"

Alifikiri. "Sijue," akajibu, na akainama nimtwike tena.

Jirani hakuishia kwake, alipanda nami hadi kwetu. Mama alipotuona alipiga vigelegele. Alikuwa anafurahi kweli. Sijawahi kumwona akimwonea mtu wivu wa chakula. Jirani alifungua gunia palepale mlangoni kwetu, akaanza kutuchotea unga kwenye beseni.

"Ile ni mingi," mama akasema, akirudisha konzi mbili. "Uko na bajukuu."

"Nyamaza, weye."

"Nanyamaza namna gani? Utamaliza gunia kwa bure."

Akarudisha tena. Jirani akachota tena. Walisukumana hivyo, mmoja anatia, mwingine anatoa, na unga unamwagika kidogo kidogo chini, na mdogo wangu amechuchumaa anaufuatilia kwa macho. Nilitaka wanyamaze. Nilitaka mtu yeyote awe na haki ya kukasirika.

"Na kwa meza bamesema nini?" mama aliniuliza ghafla.

Mkono wa jirani ulisimama ndani ya gunia.

"Bamesema bataangalia tena," nikasema.

"Batarudi hapa?"

"Labda."

Mama alijipangusa unga mikononi, akaitazama nyumba yetu kutoka mlangoni, ukuta ule ulioinama, pembe kwa pembe.

"Basi bakirudi," akasema, "safari ile tutafute hata kuku."

Jirani alinitazama. Nikachukua ufagio, nikaanza kuukusanya unga uliomwagika, polepole, nisichanganye na udongo.