Mkono wa Brigita na Sabuni ya Pundamilia

Kama hujawahi kumwona mtu anakula ugali amesimama, nenda Karatu ukamtafute Brigita. Sahani mkono wa kushoto, tonge mkono wa kulia, na miguu imeshaelekea jikoni kutazama kama maji yamechemka. Kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na padri akirefusha mahubiri kidogo tu, utamkuta nje anang'oa magugu kwenye maua ya parokia. Majirani wakimtupia ule msemo wao, haraka haraka haina baraka, hujibu papo hapo: "Na polepole haina wateja!" Mdomo anao, mama yule.

Alizaliwa milimani Mbulu, wa kwanza katika watoto sita, akaolewa na Vedasto, dereva wa watalii, mtu mpole asiyejua kupaza sauti hata kwa ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na mtoto wao Clemensi. Mgongo ulipomkatalia Vedasto kazi ya barabara za vumbi, akafungua kibanda cha kuziba rejeta za magari mjini, na Brigita akaanza biashara zake. Akaanza na chipsi, akaziacha. Akaja na miche ya parachichi, akaiacha nayo. Akafuga kuku mia mbili, akawauza wote siku moja, eti wanamtazama sana. Lakini banda la kuku lipo hadi leo nyuma ya nyumba, tupu, na kila Brigita akipita pale moyo humchoma, maana anajua watu wanasema nini: yule hamalizi kitu.

Ndipo ikaja sabuni, na sabuni ikadumu. Mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Akawatangazia mtaa mzima kwamba hii haachi, wamzike na kostiki yake, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni.

Sasa, Jumapili moja ya Julai, baridi ya kukunja vidole, Lilian akamtumia ujumbe. Lilian ndiye msimamizi wa duka la zawadi kwenye hoteli moja njia ya kwenda geti la Ngorongoro, na duka hilo ndilo lililokuwa likichukua karibu sabuni zote za Brigita. Akasema: "Shikamoo Mama Clemensi. Sabuni zako nzuri, ila wageni siku hizi wanapita tu, wanataka zenye mchoro. Niletee moja yenye milia kama pundamilia, Ijumaa kabla ya saa nane, niione tu. Ikishindikana usijali, kuna mtu wa Arusha anazo."

Ikishindikana usijali! Maneno hayo yalimkaa Brigita kooni kama mwiba wa samaki. Mtu wa Arusha akiingia kwenye rafu ile hatoki, na sabuni itawafuata kuku na chipsi, na safari hii si yeye aliyeacha, ni yeye aliyeachwa. Mbaya zaidi.

Lilian alituma na video. Ukiiangalia kwenye simu, utadhani mchezo wa watoto. Unagawa uji wa sabuni kwenye majagi mawili, huku mweupe, huku mweusi. Unamimina mweupe kidogo katikati ya boksi la mbao, kisha mweusi kidogo juu yake, pale pale, kisha mweupe tena, kwa mtiririko mwembamba. Kila rangi inaisukuma mwenzake pembeni. Ukija kukata, ndani umejaa milia. Weusi hakuwa na shida nao, kwa sababu Nosim, mpangaji wake wa chumba cha uani, alikuwa na mkaa wa oloirien, mti ambao kwao Endulen hufukizia vibuyu vya maziwa. Akausaga, akauchekecha kwenye kitambaa, akaleta kopo zima.

Jumatatu Brigita akavaa glovu, akayeyusha kostiki, ikapoa, akaimimina kwenye mafuta ya alizeti na ya nazi, akashika mwiko.

Hapo kwenye mwiko ndipo penye kesi. Kwao msichana hushika mwiko kabla ya kalamu, na ugali unaotikisika ni aibu ya ukoo. Bibi yake alikuwa akiugonga kwa kidole mbele ya wageni, ukibonyea unarudi jikoni na wewe nyuma yake, kichwa chini. Mkono wa Brigita haujui neno inatosha mpaka mwiko usimame wenyewe katikati ya sufuria. Miaka mitano alisonga sabuni vivyo hivyo, akaishindilia kwenye boksi kwa ngumi, ikatoka ngumu na safi, wala hakuna aliyelalamika. Siku hiyo naye akasonga. Akaja kuinua jagi amimine, hakitoki kitu. Akalitikisa. Likadondoka bonge moja, pu! Akamaliza kwa kuchota na mwiko, bonge jeupe, bonge jeusi, na jioni boksi zima likawa kama kiporo cha ugali kilichopakwa masizi.

"Hii ni ya kufulia ovaroli," Vedasto akasema, akidhani anamfariji.

"Nenda kazibe rejeta zako!"

Jumanne akajiambia, leo nitawahi. Akakoroga akihesabu, alipofika mia akaacha, akamimina mbio mbio kabla uji haujamgeuka. Ukakimbia kama maji. Nyeupe ikaingia kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyeupe, mafuta yakaelea juu, na yote pamoja yakawa rangi ya maji ya kudekia. Brigita akavua glovu akazitupa ukutani. Akaosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Akahamisha kuni kutoka upande huu wa ukuta kwenda ule, kisha akazirudisha. Akafagia uani, akafagia njiani, akafagia hata banda la kuku, na humo ndani akasimama na ufagio wake akitazama kuta, akajikuta anapima kwa macho maboksi matupu ya sabuni yatakaa upande gani. Akaogopa. Mama wa watu aliogopa kweli kweli, akatoka akafunga mlango wa banda na kamba.

Jumatano asubuhi Nosim alileta kopo la pili la mkaa, akamkuta anazunguka meza.

"Nipe hiyo simu," Nosim akasema. "Nami nimwone huyo mama anayemimina."

Nosim hajui hata neno moja la lugha ya video ile. Akakaa kwenye kigoda, shanga zikilia shingoni, akaitazama toka mwanzo hadi mwisho bila kupepesa, jinsi anavyowatazama mbuzi wakiingia zizini. Ilipokwisha akairudisha nyuma.

"Mama Clemensi, njoo. Hapa umepaona?"

"Nimeiona hiyo mara thelathini!"

"Hapa. Ameinua mti wake. Tone limeanguka, limeacha mstari juu, halikuzama. Sasa angalia mikono."

Brigita akaangalia. Yule mama wa kwenye video alikuwa ameweka mti wake chini na kukunja mikono kifuani. Akasimama hivyo, hafanyi kitu chochote, kwa muda mrefu wa kuudhi, ndipo akachukua jagi. Jamani! Mara zote thelathini Brigita alikuwa akiisukuma video mbele kwa kidole ili afike haraka kwenye kumimina. Mahali penyewe hakuwahi kupaona hata siku moja.

"Anasubiri nini?" akauliza, karibu kwa hasira.

"Sijui. Ila anasubiri."

Wakaanza upya, Nosim amesimama ubavuni. Mwiko ukazunguka. Uji ukaanza kuwa mzito kidogo, Brigita akauinua mwiko, tone likaanguka na kuacha mstari mwembamba juu yake. Mstari haukuzama.

"Acha," Nosim akasema.

Mkono ukaendelea.

"Acha, Mama Clemensi!"

"Bado ni laini, mwenzangu, unatikisika..."

Nosim akamshika kifundo cha mkono, akautoa mwiko kwenye vidole vyake kimoja kimoja, akauweka mezani. Kisha akauangalia ule mkono uliokuwa bado unazunguka bila mwiko, akauliza taratibu: "Una nini wewe? Ukiacha kidogo kitatokea nini?"

Angeulizwa siku nyingine angejibu kwa utani. Lakini siku mbili za kuharibu sabuni zilikuwa zimemchosha, na mikono haikuwa na kitu cha kushika. Nosim akawa anagawa uji kwenye majagi, anakorogea mkaa katika moja kwa kijiko, na Brigita akasema, macho chini.

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mama aliumwa. Nilimuuguza siku tatu, uji kijiko kwa kijiko, sikuketi. Siku ya nne mchana shangazi akaniambia, keti mwanangu, pumzika kidogo. Nikaketi. Usingizi ukanipitia pale pale. Nilipoamka walikuwa wameshamfunika."

Nosim alikoroga mkaa wake mpaka ukachanganyika.

"Angekufa hata ungesimama," akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Brigita hivyo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kusikia habari hiyo.

"Haya, shika. Mimina," Nosim akasema.

Akamimina. Mweupe kidogo, mweusi kidogo, pale pale. Uji ulishuka mwembamba bila haraka, na rangi zikasogezana pembeni mwa boksi kama watu wastaarabu wanaopishana mlangoni. Walipoliingiza boksi stoo na kulifunika kwa blanketi lilale na joto lake, Brigita alikuwa amelowa jasho na baridi yote ile. Papo hapo akanyanyua ncha ya blanketi achungulie.

"Aa-aa!" Nosim akampiga kofi la mkononi. Akamtoa stoo, akafunga, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye shanga za shingoni mwake. "Ukikaa nao wewe, hii sabuni haitalala. Kesho naenda Endulen, mtoto wa dada yangu ananyolewa. Ijumaa asubuhi narudi."

"Na ufunguo?"

"Na ufunguo."

Alhamisi, sitaki hata kuisimulia. Brigita alikwenda stoo mara kumi na nne kusukuma mlango ambao alijua umefungwa. Alinusa kwenye tundu la kufuli. Alipalilia shamba la jirani bila kuombwa, akaambiwa asante, hakusikia. Mara akawaza boksi limepasuka, mara rangi zimezama zote chini. Kila wazo likija anainuka, na alikuwa hajakaa.

Ijumaa saa tatu, Nosim hayupo. Saa nne, hayupo. Saa tano basi la kutoka Endulen lilikuwa bado, watu wa stendi wakasema limekwama na ukungu huko juu ukingoni mwa kreta. Saa tano na nusu Brigita alikuwa mlangoni pa stoo na shoka mkononi, naam, shoka, na alikwisha kuliinua mara moja. Akalishusha. Akalitegemeza ukutani, akakunja mikono kifuani kama yule mama wa kwenye video, akasimama hivyo akipumua. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kupasua kuni. Saa sita kasoro shanga zikasikika njiani.

Nosim hata kusalimia hakusalimia, aliinamisha shingo tu afunguliwe ufunguo. Wakageuza boksi, wakaligonga kitako, mche wa sabuni ukatoka mzima. Brigita akaweka waya wa kukatia, akafumba macho, akavuta.

Alipofumbua, Nosim alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ndani ya sabuni kulikuwa na milia, myeusi kwa myeupe, imepinda na kufuatana toka chini hadi juu, wala hakuna hata mmoja uliomwingilia mwenzake. Brigita akakata kipande cha pili, cha tatu. Kila kimoja kilikuwa na milia yake, hakuna viwili vilivyofanana.

Hotelini alifika saa saba na nusu kwa bodaboda, vipande vinne kifuani ndani ya khanga. Lilian akageuza kimoja dirishani, akageuza tena, akamwita mwenzake aje aone.

"Mama Clemensi, hizi zitakauka lini?"

"Wiki sita. Huwezi kuziharakisha," akasema Brigita, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akatamani kucheka.

"Basi wiki ya sita nakusubiri. Yule wa Arusha nitampigia nimwambie asihangaike."

Jioni Vedasto alirudi kutoka kibandani, mikono ina risasi ya kuzibia rejeta. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ndani, kwenye kigoda cha Nosim, mke wake alikuwa ameketi. Sahani ya ugali ipo magotini, nusu imeliwa, miguu ameinyoosha, kandambili zimevuliwa. Hakuwa anachambua mboga wala kushona. Vedasto alisimama kizingitini. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kuona kitu kama hicho.

"Mke wangu," akasema, "unaumwa?"

"Siumwi."

"Sabuni imekataa?"

"Imekubali. Wameichukua."

"Sasa mbona..."

Brigita akausogeza mwiko uliokuwa juu ya kigoda cha pili, akauweka chini.

"Keti, Baba Clemensi," akasema. "Keti hapa nikuambie mama yangu alivyokufa."