Mbwa Aliyepimwa Usingizini

Fundi cherehani yule alikuwa na watoto wanne, cherehani moja, na wasiwasi wa kutosha mtaa mzima. Mtoto akichelewa dakika kumi, yeye moyoni alishamzika. Basi siku binti yake mkubwa, mpokea wageni wa zahanati, alipoingia na mtoto wa mbwa mkobani, mama alisema mambo mawili tu: kwamba mbwa analeta viroboto, na kwamba mbona amekonda hivyo, hajala?

Wakamwita Mkaguzi, maana hakuna kitu ndani ya nyumba ambacho hakukinusa. Alipofika miezi saba alizikagua sare za shule alizoziacha mama juu ya kochi. Kola sita zilitafunwa kwa ustadi, zote upande wa kushoto.

"Mbwa wa kisasa analala kizimbani," binti akatangaza, simu mkononi. "Imeandikwa hapa. Ni kumtendea wema. Anajiona yumo ndani ya shimo lake."

"Shimo lenye kufuli?"

"Mama na wewe! Akishindwa kuzoea hadi Jumamosi, nampa mlinzi wa bohari."

Mama alikuwa amewaona mbwa wa bohari. Kila mmoja alizunguka mti wa mnyororo wake mpaka ardhi imebonyea duara. Basi akakubali kizimba.

Baba alikuwa fundi vyuma, miaka thelathini akichomelea madirisha ya nondo. Kazi yake ilikuwa kuzuia wezi wasiingie. Sasa aliombwa amzuie mmoja asitoke, akaona ni kazi ileile. Alimpima Mkaguzi mchana akiwa amelala, kwa sababu akiwa macho alikuwa anaitafuna tepu. Jumapili kizimba kikatoka, kizuri, rangi ya kijani, na kufuli ambalo lingetosha kulinda benki.

Saa mbili usiku kilifungwa, saa moja asubuhi kikafunguliwa. Mbwa akilia, baba aligeukia ukutani. "Mwache, atazoea." Akakoroma papo hapo, kuonyesha jinsi mtu anavyozoea.

Mama hakuzoea. Alilala macho wazi, akihesabu kila mkwaruzo wa kucha kwenye chuma. Asubuhi Mkaguzi alitoka amelowa, mkia umebanwa, hamtazami mtu. Alhamisi, asubuhi ya nne, hakuja hata kwenye chakula. Alijibanza nyuma ya robota la kitambaa, mgongo umepinda kama wa mzee wa miaka tisini.

Mtu aliyepima mabega ya watoto wa shule kwa miaka ishirini haambiwi na daktari kwamba mgongo huu umebanwa. Mama akavua tepu shingoni.

"Simama, mwanangu. Simama mama akuone."

Akampima kutoka begani hadi sakafuni, kisha akapima kizimba. Akarudia, maana hakutaka kumsingizia mume wake. Kizimba kilikuwa kifupi kwa kiganja kizima, na kichwa bado hakijahesabiwa.

"Mzee," akasema mezani, wakinywa chai, "huyu ulimpima amekaaje?"

"Amelala. Si ni cha kulalia?"

"Na mimi nikimpima mteja wangu amelala kajikunja, suruali itamfika wapi?"

Binti akachekea ndani ya kikombe. Mama akamgeukia. "Na wewe, msomi wa simu, waliandika kimo gani?"

Binti akapitisha kidole kwenye kioo, akapitisha tena. Kicheko kikaisha. "Wanasema... aweze kusimama na kugeuka. Na mbwa mdogo asifungiwe usiku kucha bila kutolewa."

"Hayo wameyaandika leo?"

"Sikuwa nimefika chini."

"Hongera. Mwenzio amelala kwenye mkojo wake siku nne akikusubiri ufike chini."

"Lakini usiku ni kulala tu, mama watoto," baba akajitetea. "Mnyama ana shida gani?"

"Jana uliamka mara ngapi kwenda chooni?"

Baba akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Mara tatu," binti akamsaidia. "Mlango unalia."

"Mtoto anabanwa masaa kumi na moja, na mwanaume wa miaka hamsini na sita hafikishi manne. Halafu mnaniambia wema! Sijasema kizimba kitupwe. Akipenda chumba chake, apewe. Lakini chumba, si droo. Sare za watoto naziachia pindo kwa sababu wanakua. Huyu miguu na kichwa bado vinagombania nani atangulie, wewe umemshonea sanda."

Siku hiyo baba alikata na kuchomelea upya mbele ya wateja wawili, akawaambia ni marekebisho madogo. Mama alisimama pembeni na tepu kama mkandarasi. Kufuli likaondolewa. Sare zikapandishwa juu ya kabati, jambo lililochukua dakika moja na ambalo vichwa vitatu vya nyumba ile havikuwa vimeliwaza. Na sheria ikatungwa: baba akiamka, anamwamsha na mwenzake Mkaguzi, wanakwenda uani wote wawili.

Usiku wa kwanza Mkaguzi alikitazama kizimba kwa mbali, akalala mlangoni pa chumba cha wazazi. Usiku wa pili mama alitandika humo shuka yake kuukuu. Mkaguzi akaingia nusu, makalio nje, kama mpangaji asiyemwamini mwenye nyumba.

Jumamosi sakafu ilikuwa kavu. Mkaguzi alifika kwenye sahani yake kabla haijawekwa chini.

"Kwa hiyo," binti akauliza, mkoba begani, "nimpigie mlinzi wa bohari?"

Mkono wa mama ukakwama kwenye gurudumu la cherehani.

Baba hakuinua macho kutoka kwenye chai. "Mpigie, mwambie atafute mwingine. Uani kule usiku kuna giza, mnataka niwe nakwenda peke yangu?"